Ujiji hadi Jinja: shajara ya safari yetu ya kwanza nje ya nchi

8 Februari 2025. Miji mitano kwenye karatasi

Msimu wa kufungua shule umekwisha. Nina duka la madaftari na sare hapa Mwanga, Kigoma, na Januari ndiyo mavuno yangu. Mwaka huu nimetenga shilingi 1,700,000 na Mjomba ameongeza 600,000 kutoka kwenye pensheni yake ya reli. Jumla 2,300,000. Naandika kila hatua hapa kwa sababu wanawake watatu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa wameshaniuliza nitapitia wapi, na sitaki warudie makosa yangu kwa fedha zao.

Mjomba ana miaka 67, mzaliwa wa Ujiji. Nilipokuwa darasa la nne alinipeleka kwenye mnara wa Livingstone, pale penye miembe, akanieleza kwamba wale Wazungu walikuwa wakitafuta mwanzo wa mto Nile. Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walikutana hapo, wakapanda mtumbwi hadi kaskazini ya Ziwa Tanganyika kuuangalia mto Rusizi, wakakuta maji yake yanaingia ziwani badala ya kutoka. Kwa hiyo Nile haikuwa kwetu. Nilimuuliza, "Sasa iko wapi, Mjomba?" Akasema, "Iko Jinja, Uganda. Mungu akipenda tutakwenda, mwanangu." Hiyo ahadi ina miaka 27.

Orodha ya kwanza niliyoandika: Bujumbura, Kigali, Kampala, Jinja, Nairobi. Siku kumi.

Bujumbura ilionekana rahisi kuliko yote, maana mpaka wa Manyovu ni kama kilomita 60 tu kutoka hapa. Ubaya ni kwamba nilipanga kwa kutazama ramani, na ramani haikuambii mpaka upi umefungwa. Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024 na bado haijafunguliwa. Ukiingia Bujumbura kwa nia ya kuendelea Kigali, itabidi urudi Tanzania kupitia mpaka wa Kobero na Kabanga, utokee Ngara, ndipo uende Rusumo, mpaka wetu na Rwanda. Tulipiga hesabu tukaona siku mbili zinapotea ndani ya magari. Bujumbura ikatoka.

Nairobi aliiondoa Mjomba mwenyewe. Alishika kalamu akaikata, akasema hawezi kufika mji kwa ajili ya kulala tu na kuondoka.

Njia tuliyobaki nayo ni ya mzunguko: Kigoma, Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, Benaco, Rusumo, Kigali, Kampala, Jinja, kisha kurudi kwa mpaka wa Mutukula na Bukoba. Nilipoichora ndipo nikaona jambo lililonifurahisha sana. Pale Rusumo tunavuka mto Kagera, na Kagera ndiyo mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria. Jinja ndipo Nile inapotoka ziwani. Tutakutana na maji yale yale mara mbili.

Gharama hadi leo: sifuri.

22 Februari. Pasipoti yangu, na herufi moja ya Mjomba

Mjomba alidhani kitambulisho cha NIDA kitatosha, kwa kuwa amesikia Wanyarwanda, Waganda na Wakenya wanavuka kwa vitambulisho vya taifa. Wao kwa wao wanavuka hivyo. Sisi hatumo kwenye mpango huo; tunahitaji hati ya kusafiria. Viza hatulipi, kwa kuwa ni raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Pasipoti ni shilingi 150,000 kwa mtu. Unajaza fomu kwenye mtandao wa Uhamiaji, unapata namba ya malipo, unalipa, unachapisha, unapeleka na viambatisho. Yangu ilikwenda bila neno.

Ya Mjomba ilikwama kabla hatujaifikisha dirishani. Kwanza hakuwahi kuwa na cheti cha kuzaliwa. Pili, jina lake kwenye NIDA linaishia na "i", kwenye cheti cha shule ya msingi halina hiyo "i", na kwenye karatasi zake za reli limeandikwa kwa namna zote mbili. Kwa miaka arobaini herufi hiyo haikumsumbua mtu. Sasa imesimamisha safari.

Kosa langu lilikuwa kujaza fomu yake kwa jina la kwenye karatasi za reli, kwa sababu ndizo zilizokuwa mezani. Anza na NIDA. Jina lililopo NIDA ndilo la kufuata, na mengine yote yavutwe lifanane nalo.

19 Aprili. Cheti kimepatikana

Mfungo wa Ramadhani ulichukua Machi yote na hatukuhangaika sana. Baada ya Idi tulianza mzunguko: barua ya mtendaji wa mtaa, kisha maombi ya kuandikisha uzazi uliochelewa kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ambako huduma za RITA, wakala wa serikali wa vyeti vya kuzaliwa, zinapatikana. Viambatisho vilikuwa NIDA, cheti cha shule na kiapo cha wakili kinachosema majina yale mawili ni ya mtu mmoja.

Kiapo kilirudiwa. Wakili aliandika majina yote mawili bila kusema lipi ndilo sahihi linaloendelea kutumika, na karani akakirudisha. Ukienda kwa wakili, mwambie aandike wazi: jina sahihi ni hili, lile jingine lisitumike tena. Sentensi hiyo moja ilitugharimu siku sita.

Pasipoti zote mbili ziko ndani ya kasha. Pasipoti 300,000. Cheti, kiapo mara mbili, vivuli na nauli za kuzunguka 65,000.

3 Mei. Chumba cha Kigali na ngazi 64

Hapa nimepoteza fedha, kwa hiyo nitaeleza taratibu.

Nilitafuta malazi ya Kigali kwenye programu ya simu. Nikaona nyumba ya wageni yenye bustani, vyumba visafi, bei nzuri, na ramani inaonyesha iko mita 400 kutoka barabara ya mabasi. Mjomba ana maumivu ya magoti lakini mita 400 anatembea, anakwenda msikitini kila siku umbali huo. Nikalipa kianzio cha faranga 20,000 kwa kadi ya benki ya mpwa wangu.

Baada ya kulipa ndipo nikapiga simu kusalimia. Mwenye nyumba, kwa upole wake, akaniuliza kama tuna mizigo mizito, "maana mkishuka barabarani kuna ngazi." Nikamuuliza ngapi. Akatuma mtoto akahesabu: 64, na baada ya hapo kuna mteremko. Rwanda wanaiita nchi ya vilima elfu moja, nami nilikuwa nimepima mji wa vilima kwa ramani bapa. Kianzio hakirudishwi, ilikuwa imeandikwa kwenye masharti ambayo sikuyasoma. Shilingi 38,000 zimekwenda.

Nimebadili namna ya kutafuta. Sasa sianzi na picha. Naanza na simu, na maswali matano: Gari linafika mlangoni? Kuna ngazi ngapi hadi kitandani? Choo ni cha kukaa? Maji ya moto yapo asubuhi? Nikifika usiku, nani atanifungulia?

Kwa njia hiyo tumepata gesti Nyamirambo, vyumba viwili vya chini, barabarani kabisa. Nyamirambo na Biryogo ndiyo mitaa ya Kigali ambako Kiswahili kimezungumzwa tangu zamani, misikiti iko karibu, na mama mwenye gesti aliongea nami kama tuko Ujiji. Faranga 18,000 kila chumba. Hakutaka kianzio, alitaka tu tumpigie siku moja kabla.

Kampala nilianza kwa kutamani Entebbe, kwa ajili ya bustani na ziwa. Entebbe iko kama kilomita 40 kutoka Kampala, na kila tunachotaka kufanya kiko upande wa pili. Nikaiacha. Tumepata gesti Old Kampala, shilingi 60,000 za Uganda kwa chumba.

11 Mei. Makosa mawili yaliyofichana

Jana usiku nimekaa na daftari la hesabu hadi saa 6. Leo nimegundua kitu kilichonitisha.

Niliandika malazi yote kwenye safu moja: Kigali 18,000, vyumba viwili, siku tatu, 108,000. Kampala 60,000, vyumba viwili, siku tatu, 360,000. Jumla 468,000. Zote niliziandika kama shilingi zetu.

Faranga ya Rwanda nimeikadiria kwa shilingi 1.9 za kwetu. Kwa hiyo Kigali ni 205,200, karibu mara mbili ya nilichoandika. Shilingi ya Uganda nimeikadiria kwa senti 75 za kwetu, kwa hiyo Kampala ni 270,000, pungufu sana ya nilichoandika. Jumla ya kweli ni 475,200. Tofauti ya jumla ni shilingi 7,200 tu, ndiyo maana sikushtuka nilipoitazama mara ya kwanza.

Ila fedha haziliwi kwa jumla, zinaliwa mji kwa mji. Kama ningebadilisha kwa hesabu ile, tungefika Kigali tukiwa na upungufu wa karibu 100,000 za malazi peke yake, ugenini, na Mzee.

Sasa daftari lina safu tatu: bei kwa fedha ya huko, kiwango nilichokadiria, na shilingi zetu. Jina la fedha linaandikwa kila mstari, hata kama linachosha. Na neno "shilingi" peke yake limepigwa marufuku nyumbani kwetu. Tunasema "ya kwetu" au "ya Uganda".

24 Mei. Jumamosi ya mwisho

Tulikuwa tumepanga kuondoka Alhamisi 26 Juni, likizo ya shule, wakati dukani hakuna wateja. Jumamosi tarehe 28 ilikuwa siku ya kwenda Nyanza, kusini mwa Rwanda, na kurudi.

Nilimpigia mama wa gesti kumwambia tarehe. Akanyamaza kidogo, akasema, "Dada yangu, Jumamosi hiyo ni umuganda."

Umuganda ni kazi ya pamoja ya taifa, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 5. Watu wanafagia, wanachimba mifereji, wanapanda miti. Maduka yanafungwa na magari ya abiria yanasimama. Siku yetu ya safari ingeanza mchana. Akaendelea: tarehe 1 Julai ni sikukuu ya uhuru, tarehe 4 ni sikukuu ya ukombozi. Yaani tuliichagua wiki ambayo kila siku ya pili kuna mlango uliofungwa.

Nilikuwa nimeangalia kalenda ya shule za Tanzania, kalenda ya duka langu na kalenda ya mwezi. Ya wenyeji wetu sikuiangalia. Tumerudisha safari nyuma: kuondoka Jumatatu 16 Juni.

31 Mei. Jinja tutalala

Kampala hadi Jinja ni kama kilomita 80. Kwenye daftari niliandika saa mbili kwenda, saa mbili kurudi. Nimepata kuongea na dereva wa lori anayeleta mzigo Kigoma kutoka kule. Alinijibu kwamba asubuhi kutoka nje ya Kampala kupita Mukono kunaweza kula saa mbili kabla hujaanza safari yenyewe, na jioni kurudi ni vivyo hivyo. Mzee akae saa nane kwenye haisi ili aone mto kwa saa moja? Hapana. Tumeongeza usiku mmoja Jinja, shilingi 50,000 za Uganda kwa chumba. Ongezeko ni 75,000 za kwetu kwa vyumba viwili, na kwangu ndiyo fedha iliyowekwa mahali pake kuliko zote za mradi huu.

10 Juni. Chanjo imetusogeza tena

Niliiacha chanjo ya homa ya manjano hadi baada ya Idi, nikiiona kama jambo la dakika kumi. Mambo mawili sikuyajua.

La kwanza ni umri. Kwa mtu aliyevuka miaka 60 na hajawahi kuchanjwa, chanjo hii ina hatari zaidi ya madhara makubwa, hivyo daktari anapaswa kumwangalia kwanza. Mjomba aliulizwa dawa anazotumia, magonjwa aliyowahi kuugua, akapimwa presha, kisha ndipo akaruhusiwa. Angekataliwa, angehitaji barua ya kitabibu ya kumsamehe chanjo. Msimpeleke mzee mkaomba sindano tu. Semeni umri wake tangu mlangoni.

La pili ni siku kumi. Cheti kile cha njano kinaanza kuhesabika siku ya kumi baada ya sindano. Kikishaanza ni cha maisha, hakuna tena kurudia kila miaka kumi kama zamani. Tumechanjwa leo tarehe 10, cheti kinaanza tarehe 20, na sisi tulitaka kuwa Rusumo tarehe 17.

Muuguzi alitueleza huku akiandika. Mjomba akanitazama. Nilitamani kulia, kwa sababu ilikuwa mara ya pili nabadilisha tarehe na gesti zote mbili zilishanisikia vya kutosha. Yeye akasema, "Nimesubiri tangu ukiwa darasa la nne. Siku tano ni nini?"

Tarehe mpya: kuondoka Jumamosi 21 Juni, kurudi Jumatatu 30. Umuganda ya tarehe 28 itatukuta Uganda, ambako haituhusu. Gesti ya Nyamirambo wamekubali, ya Kampala pia. Chanjo, daktari na picha: 110,000.

20 Juni. Kufunga mizigo

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Rwanda tangu 2008. Na sisi tumeizuia tangu 2019, lakini bado nilikuwa na vile vifuko laini nilivyofungia sabuni, viatu na dagaa wa zawadi. Vyote vimetoka. Dagaa wamehamia kwenye kitambaa na karatasi ya kaki. Mawese tumeyaacha nyumbani. Yakimwagika kwenye begi hakuna nguo itakayopona.

Fedha ziko sehemu tatu. Vivuli vya pasipoti na vyeti viko kwenye begi la Mjomba, hati zenyewe ziko kwangu.

22 Juni. Rusumo

Kigoma hadi Nyakanazi, gari la pili hadi Benaco, tukalala Benaco. Safari ndefu lakini hakuna la kuandika, isipokuwa kwamba kulala Benaco badala ya kulazimisha Kigali siku hiyo hiyo ulikuwa uamuzi mwema. Mjomba alivuka mpaka asubuhi akiwa mtu mzima, si mzigo. Jana jioni, pale Benaco, alinionyesha mahali palipokuwa na kambi kubwa ya wakimbizi wa 1994. Mwisho wa Aprili mwaka ule watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo ndani ya saa 24. Tulikaa kimya muda mrefu.

Mpakani unagongewa muhuri wa nchi zote mbili kwenye kituo kimoja. Kadi za njano zilikaguliwa, na tarehe ya sindano ilisomwa kwa kidole. Dakika 40.

Kisha daraja. Kagera inashuka kwenye mwamba kwa kishindo, chini ya daraja, na hapo hapo pana mtambo wa umeme wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi wanagawana sawa. Mjomba aliniambia kitu ambacho sikukijua: Mjerumani von Götzen aliingilia Rwanda hapa mwaka 1894, na ndiye ambaye jina lake lilipewa meli iliyojengwa 1913, ikaletwa kwa vipande hadi Kigoma na kuzamishwa na Wajerumani wenyewe 1916. Meli hiyo ndiyo Liemba yetu. Alisimama akiangalia maji. "Haya ndiyo yanayokwenda Jinja," akasema.

Angalizo la maisha, si la fedha: Rwanda magari yanapita kulia. Nje ya kituo Mjomba aliangalia kulia kama alivyozoea tangu utoto, akaweka mguu barabarani, na lori likaja kutoka kushoto. Nilimshika shati. Tangu hapo tunavuka tukishikana mikono, na mimi nasema kwa sauti, "Kushoto kwanza."

24 Juni. Kigali na Nyanza

Jana tulikwenda Gisozi, kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari, ambako watu zaidi ya 250,000 wamezikwa. Kuingia ni bure. Nilikuwa nimepanga tuende soko la Kimironko mchana wake. Msipange kitu baada ya Gisozi. Tulirudi gesti, Mjomba akaswali, tukanywa chai bila kuongea.

Leo Nyanza, kama kilomita 90, basi kutoka Nyabugogo. Mpango wa awali ulikuwa Nyanza na Huye kwa siku moja. Asubuhi nilimtazama anavyoshuka kitandani nikaikata Huye papo hapo. Pale kuna nyumba ya mfalme ya nyasi, iliyojengwa upya kwa ufundi wa zamani, na jumba la kisasa la mfalme Rudahigwa. Nyuma kuna ng'ombe wa inyambo wenye pembe ndefu kuliko nilivyowahi kuona, na mchungaji anawaimbia.

Mjomba alimsalimia mchungaji kwa Kiha. Kiha chetu na Kinyarwanda ni ndugu wa karibu, wakaelewana. Walizungumza nusu saa nzima juu ya ng'ombe, wakisahihishana maneno, na mimi nikakaa kivulini. Kwenye ratiba yangu hapo palikuwa na dakika 15.

25 Juni. Saa iliyopotea

Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, Uganda iko sawa na sisi. Wakati wa kuingia Rwanda unapata saa, hutambui. Wakati wa kuingia Uganda unaipoteza, na hapo ndipo nilipokosea.

Tiketi ya Kigali kwenda Kampala ilisema 07:00, yaani saa 1 asubuhi ya Kigali, ambayo ni saa 2 ya Kampala. Ni kama kilomita 500, na njiani kuna mpaka wa Gatuna. Niliambiwa saa kumi za safari, nikahesabu tutafika saa 11 jioni, nikamwambia hivyo mwenye gesti. Kwa saa ya Uganda ilikuwa saa 12 jioni, na foleni ya kuingia mjini ikaongeza saa mbili. Tulifika saa 2 usiku.

Kilichotuokoa ni lile swali la tano: nani atanifungulia nikifika usiku? Mlinzi alikuwa na jina langu kwenye karatasi.

Njiani, Kayabwe, tulipita mstari wa ikweta. Basi halikusimama. Mjomba alikuwa amelala na nilimwamsha. Amesema nimefanya vizuri.

26 Juni. Kampala

Siku fupi kwa makusudi. Msikiti mkuu wa Old Kampala, uliofunguliwa rasmi 2008, uko dakika chache kutoka gesti. Mjomba aliswali adhuhuri, mimi nikapanda mnara na kuona vilima vyote vya mji. Jioni chapati na mayai vya barabarani, ile rolex yao. Nimebadilisha fedha kidogo kuliko nilivyopanga, kwa kuwa bei za chakula zilikuwa nafuu.

28 Juni. Jinja

Dereva wa lori alisema kweli: jana tumetumia karibu saa nne kutoka gesti hadi Jinja, pamoja na kusimama Namawojjolo kununua kuku wa kuchoma na ndizi. Baada ya hapo msitu wa Mabira, mashamba ya miwa na chai, halafu daraja jipya la nyaya lililofunguliwa 2018.

Tungekuja kwa siku moja, tungefika saa 6 mchana na kuondoka saa 8. Badala yake leo tumekuwa ukingoni saa 1 asubuhi, hakuna watu. Kwenda kwenye mashua kuna kushuka, na Mjomba alishuka kwa dakika 20, akipumzika kila alipotaka, hakuna aliyemharakisha. Kwa ajili ya dakika hizo 20 ndiyo niliongeza usiku ule.

Speke alifika hapa Julai 1862, miaka minne baada ya kupita kwetu Ujiji. Alikuta maporomoko, akayaita Ripon. Leo hayapo, bwawa la Owen lilipokamilika 1954 maji yalipanda yakayafunika. Mwendesha mashua alituonyesha mahali ziwa linapoishia na mto unapoanza. Uso wa maji unabadilika, unaanza kuvuta. Mjomba alitia mkono majini akauacha humo mpaka tulipogeuka kurudi.

2 Julai, Kigoma. Hesabu

Tumerudi kwa Mutukula, tukalala Bukoba, tukaingia Kigoma juzi usiku. Hakuna tatizo njiani.

Hati zote na chanjo 475,000. Nauli na bodaboda 465,000. Malazi 640,200. Chakula 342,000. Viingilio, mashua na waongozaji 128,000. Laini za simu na vocha 24,000. Kianzio kilichopotea 38,000. Jumla 2,112,200 kwa watu wawili, usiku tisa. Imebaki 187,800, nusu nimemrudishia Mjomba. Amekataa, nimemwekea kwa shangazi.

Ningeanza upya, chanjo ingekuwa ya kwanza, Februari, siku ile ile ya fomu za pasipoti. Kigali ningeongeza usiku mmoja ili siku ya Gisozi isiwe na jirani. Njia nisingebadilisha.

Jirani yangu wa duka la vitambaa anaondoka Agosti na mama yake. Nimempa faranga 4,500 zilizobaki mkobani, namba ya mama wa Nyamirambo kwa ruhusa yake, na yale maswali matano kwenye karatasi. Kwenye kalenda yake ya ukutani nimeizungushia Jumamosi ya tarehe 30 kalamu nyekundu.